Kompyuta ya Mbeyu Haiazimwi

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Nitaieleza habari ya Mbeyu mwenyewe, kwa kuwa nimechoka kuisikia barazani imegeuzwa, ati ni mwanamke wa makamo aliyejitia baharini kutafuta sifa, akaogopa.

Mbeyu ni mpangaji wangu. Akaa orofa ya juu ya nyumba yangu hapa Mji wa Kale, uchochoro wa pili ukitoka Ndia Kuu, na huu ni mwaka wa tisa. Kwao ni Kaloleni. Ni Mkristo, Jumapili haikosi kanisa, na Ramadhani ndiye anisaidiaye kukaanga viazi vya karai. Ana miaka arobaini na miwili. Kazi yake iko Kilindini, katika afisi ya watoa mizigo. Yeye ndiye asomaye karatasi za makontena na kusema, hapa pana nambari isiyokubaliana na ile. Hana makuu. Ukitaka mbuzi yake ya kukunia nazi, chukua. Ukitaka pasi yake, chukua. Nami ndivyo nilivyolelewa. Mtu hapigi hodi nyumbani kwa Mwanakuu akaondoka mikono mitupu.

Alijifunza kuogelea akiwa na miaka thelathini na minane, watu wakamcheka. Mwaka wa pili akaanza kuzama na mtungi mgongoni, wakacheka zaidi. Mimi nilimuuliza, "Mwanangu, wafuata nini huko?" Akanijibu, "Bi Mwanakuu, kule chini hakuna anayeniita." Nikamwelewa, maana simu ya mwanamke huyu naijua. Kuanzia mdogo wake hadi mkubwa wake wa kazi, wote humwita yeye.

Sasa sikilizeni mambo ya Griffins. Griffins ndiye kiongozi wa boti aliyokuwa akitoka nayo. Wazamiaji wanane, kompyuta moja, nayo iko mkononi mwake yeye. Akiulizwa, "Na sisi je?" husema, "Nyinyi kazi yenu ni kunifuata."

Kwa wasiojua, kama nilivyokuwa sijui mimi: ukizama, ule upepo wa mtungini unaouvuta una gesi iitwayo naitrojeni, nayo yaingia damuni na nyamani. Kadiri uendavyo chini na kukaa, ndivyo izidivyo. Ukipanda upesi yatoka povu, kama soda iliyotikiswa, na povu hilo likikwama kwenye kiungo au uti wa mgongo, umekwisha. Basi kompyuta ya kuzamia huvaliwa mkononi kama saa. Yapima kina na muda, yahesabu ile gesi ndani ya mwili wa aliyeivaa, kisha yamwambia: bado una dakika hizi, sasa panda, polepole, ngoja hapa kwanza. Na siku ya pili yakumbuka ya jana.

Siku hiyo Griffins alikuwa juu, kina cha mita kumi na tano, akipigwa picha na wageni. Mbeyu alikuwa chini yake sana, akimfuata kasa. Walizama mara mbili. Jioni akaja kwangu ameshika bega, hawezi hata kuinua kikombe. Nikamkimbiza hospitali kwa tuktuk. Daktari akamtia oksijeni, akamuuliza, "Kompyuta yako ilisema nini?" Akasema hana. "Ulifika kina gani?" Hajui. Mwanamke ambaye kazi yake ni kushika kumbukumbu za mizigo ya watu, yeye mwenyewe hana hata mstari mmoja wa kumbukumbu! Alilia pale kitandani, na si kwa maumivu.

Nikampigia simu Griffins. Mnajua aliniambia nini? "Mama, huyo aliulalia mkono vibaya. Ni umri." Umri! Khaa! Nilimtolea maneno ambayo sitayaandika hapa.

Daktari alimpiga marufuku wiki sita. Akamwambia, "Ukitaka kurudi, nunua kompyuta yako mwenyewe. Utazama mara moja, kina kidogo, kisha uniletee kumbukumbu yake niitazame. Ikiwa sawa, nitakuandikia barua. Isipokuwa sawa, bahari basi." Tukahesabu siku. Wiki sita ziliishia Jumamosi ya mwisho kabla bahari kuchafuka, na ikichafuka boti hizo hazitoki tena hadi Septemba. Mbeyu alikuwa na Jumamosi hiyo moja tu.

Tukaanza kutafuta. Tulianzia hapa hapa Ndia Kuu, kwa mzee mmoja auzaye vitu vya kale, maana alisema anayo. Akatoa saa kubwa inang'aa. "Hii yazama mita mia mbili," asema. Mbeyu akamuuliza, "Saa yazama. Na mimi je? Yanihesabia?" Mzee akasema yahesabu saa na tarehe. Kidude hakina habari ya gesi wala ya mwili, na mzee alitaka kumuuzia mtu aliyetoka hospitali! Nilitoka dukani bila kuaga.

Tukavuka daraja, tukaingia duka la vifaa vya baharini. Muuzaji ni kijana aitwaye Jeremy. Kwanza alizungumza na mwanamume aliyesimama nyuma yetu, ambaye hatumjui, alikuja kununua kamba. Kisha akatuletea kidude chembamba cha waridi. "Akina mama huchukua hii."

Mbeyu aliivaa mkononi. Alivua miwani yake, akanyoosha mkono mbele, akasema, "Sioni nambari." Jeremy akacheka. "Kwani wataka kuzama bila miwani?" "Naam," Mbeyu akamwambia, "huko chini sivai hii."

Akaleta nyingine, ya bei ya kutisha, ina rangi kama runinga, yasoma hata upepo uliobaki mtungini. Mbeyu akauliza betri yake hubadilishwa wapi. Ng'ambo, wiki tano. Akauliza, ukikosea na kupanda upesi yafanya nini? Jeremy hajui! Auza kitu cha kushika roho za watu, na hajui kitu hicho kikikasirika hufanya nini. Nikamwambia alete kitabu chake tusome wenyewe.

Tulikaa mle saa mbili. Mbeyu aliingia nazo stoo gizani, moja moja, aone ipi yasomeka. Alivaa glavu akabonyeza vitufe. Alisoma vile vitabu kama asomavyo karatasi za bandarini, kidole juu ya mstari. Mwisho akachagua ile isiyotazamwa na mtu, nyeusi, nene, vitufe viwili, nambari kubwa. Betri yake waibadilisha mwenyewe kwa kufungua kifuniko na sarafu. Yaweza kupangwa iwe na tahadhari zaidi kwa mtu aliyewahi kuumia. Na ukiivunjia amri, yajifunga saa arobaini na nane, haikuhesabii tena, hadi ijue mwili umepumzika. Jeremy akasema, "Hiyo ni ya wanafunzi." Mbeyu akasema, "Mimi ni mwanafunzi."

Aliitundika kwenye msumari wa ngazini, kando ya funguo, aione kila apitapo.

Hapa ndipo nitakapojikasirikia mimi.

Ijumaa, kabla ya ile Jumamosi, Mbeyu yuko kazini. Asubuhi nasikia hodi. Griffins! Ana soda mkononi na uso wa kondoo. "Shikamoo mama." "Marahaba," nikamjibu, kwa kuwa salamu ni salamu. Nikamkaribisha. Ndiyo, mtu niliyemtukana kwenye simu, nilimpa chai na mahamri. Akasema yake imekufa betri, ana wageni wa kutoka nao, na amesikia Mbeyu kanunua kompyuta, basi aiazima kwa leo tu, jioni airejesha. Nikajua moyoni nataka kumkatalia. Neno likafika kooni. Lakini mtu yuko sebuleni kwangu, amekula mahamri yangu, nimwambie hapana? Nikaona haya. Nikasema moyoni, Mbeyu mwenyewe hajawahi kumnyima mtu kitu. Nikaitoa msumarini nikampa.

Jioni akairejesha kweli, imesuuzwa kwa maji baridi, imefutwa. Nikaitundika. Mbeyu aliporudi nilitaka kumwambia, kisha nikaona, kwani imepungua nini? Nikanyamaza.

Jumamosi akaenda. Kwenye boti ile ile ya Griffins, kabla ya kuvaa mtungi, akabonyeza kitufe. Akakuta alama ya kufuli. Mwanamke huyu hapitishi karatasi bila kuisoma, akafungua kumbukumbu. Mbizi tatu za Ijumaa. Ya mwisho mita thelathini na nne, aliyevaa amepanda upesi, ameruka kituo cha kungojea. Kompyuta imejifunga.

Akamtazama Griffins. Griffins anacheka, mkono wake mtupu, hauna kompyuta yoyote, na watu saba wa kuwashusha! "Si kitu, mama. Nifuate mimi tu, leo hatuendi mbali." Boti nzima inamngoja. Jua kali. Mmoja akasema, jamani, tutachelewa.

Mbeyu alivua mapezi yake, akaketi. Alikaa kwenye boti peke yake na nahodha hadi wenzake walipopanda, na hakuzama. Ndiyo Jumamosi yake hiyo, na ndiyo habari mnayoiita uoga.

Aliporudi aliniwekea mbele ile kompyuta. Nikakiri kabla hajauliza. Nilingoja anifokee, wallahi ningeona nafuu. Alisema polepole, "Bi Mwanakuu, mbuzi ya nazi ukimpa mtu yarudi mbuzi ile ile. Hii imerudi na mwili wa Griffins ndani yake. Isingejifunga, ningeshuka na hesabu ya mtu mwingine." Kisha akapanda juu. Mwezi mzima hatukula pamoja.

Lakini kompyuta hakuificha. Aliirudisha pale pale msumarini. Miezi mitano nimepita mbele yake kila siku, asubuhi na jioni, nikiona haya.

Na jana, Ijumaa, Septemba hii, bahari imetulia, nasikia hodi. Griffins tena! "Shikamoo mama." Miezi mitano, na betri bado hajabadilisha. Ati aiazima kwa leo tu. Chai ilikuwa jikoni yachemka, harufu ya iliki imemfikia mlangoni.

"Haiazimwi," nikamwambia.

Akacheka. "Hata kwa siku moja, mama?"

"Wewe una watu mkononi mwako na hutaki kununua hata betri, huna haya? Ondoka mlangoni kwangu."

Nikafunga mlango. Miaka sitini na mitatu sijawahi kumfungia mtu mlango usoni. Nikaketi kwenye ngazi, chini ya ule msumari.

Leo alfajiri Mbeyu ameshuka na mkoba wake. Atoka na boti ya watu wengine. Nikamwambia kuwa Griffins alikuja, na nilivyomjibu. Mbeyu aliitoa kompyuta msumarini, akabonyeza kitufe, akasoma kumbukumbu yote mbele ya macho yangu, kidole juu ya mstari, hadi mwisho, aone kama pameongezeka mbizi ya mtu. Wala sikukasirika.