Dakika Nne Alizoniachia Mutiso

Adelphi, Maryland, Novemba 2009. Huu ni mwaka wa thelathini na mbili tangu nitoke Dodoma.

Mutiso amekufa na mimi bado nakataa. Tangu Ijumaa nimechemsha chai mara sijui ngapi, sijamaliza kikombe hata kimoja. Nakaa, nainuka, nafungua dirisha, nafunga.

Kwa msiomjua: Mkamba wa Machakos, dereva wa forklift kwenye ghala moja Landover, umri wa mwanangu. Moyo ulisimama akiwa kazini, mchana, katikati ya shifti.

Wikendi aligeuka fundi wa muziki, chumba cha chini, nyumbani kwake Bladensburg. Muziki wenyewe aliuita ambient. Anachukua sauti moja, anaivuta kwenye kompyuta mpaka inakuwa kama ukungu, halafu ndani ya ukungu ule anakuweka wewe na ala ya kwenu.

Almaz wa Ethiopia na krar yake ya nyuzi sita. Don Chepe wa El Salvador na marimba ya kwao, safu ya mbao zinazogongwa kwa vijiti. Mimi na ilimba ya Kigogo, kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba.

Siku ya pili baada ya kunirekodi mara ya kwanza alinipigia simu, furaha tele. "Mzee, nimekusafishia! Kulikuwa na ka-noise kanalia zzz kila ukigusa chuma. Nimekatoa kote. Sasa iko clean kabisa!"

"Umetoa sauti yangu, mjinga wewe. Umeniachia mbao."

Ule mlio ndio ilimba. Kisanduku kina tundu, na juu yake tunabandika utando wa buibui, ule anaofungia mayai. Wangu niliupata nyuma ya mashine za kufulia za jengo letu, nimepiga magoti na tochi, majirani wakidhani nimepoteza pete.

Alicheka mpaka akakohoa. "Buibui wa Maryland anaimba Kigogo! Pole, Mzee. Narudisha yote."

Tangu siku hiyo, kabla ya kumrekodi mtu, aliuliza kwanza: "Ni kelele gani hapa nisiguse?" Don Chepe akainama, akamwonyesha chini ya marimba: utando wa utumbo wa nguruwe, umebandikwa kwenye tundu. Zzz ile ile. Mimi na Don Chepe tukatazamana kama ndugu waliopoteana.

Mwezi wa nne tulikuwa tunamaliza wimbo mrefu. Mwishoni kulikuwa na dakika nne zangu peke yangu. Nikapiga. Akazima mashine.

"Mzee, hebu rudia. Unapiga ni kama uko airport."

"Mwakani narudi nyumbani. Ulitaka nipigeje?"

"Nimekujua miaka sita, kila mwaka ni mwakani. Hurudi, Mzee. Na hakuna mtu atakukasirikia. Piga kama mtu anaishi hapa, bana."

Nikaifunga ilimba kwenye taulo, nikapanda ngazi. Mwende, mkewe, alikuwa amepakua muthokoi, mahindi yao ya kukoboa na maharage. Nilipita mezani bila kula. Mnajua maana yake.

Miezi saba. Alipiga, sikupokea. Aliacha ujumbe wa sauti: "Mzee, nafasi yako ipo." Nikaufuta.

Jana Mwende akapiga. Mwili unaondoka Alhamisi kwenda Machakos, na Jumatano kwenye maombi anataka watu wausikie wimbo ule. "Baba, kuna mahali hapana mtu. Wenzenu walimwambia aweke kinanda amalize, akakataa. Kama hutaki niambie tu, nitauplay hivyo hivyo na pengo lake."

Nilisema nitafikiria. Sikuweza hata kukaa. Nikatembea University Boulevard hadi mwisho na kurudi, mara mbili, upepo unanipiga usoni, nikimjibu Mutiso kwa sauti kama kichaa.

Leo asubuhi nikapanda basi la Bladensburg na taulo langu, ilimba ndani.

Kule chumba cha chini nilikaa kwenye kiti cha Mutiso, nikavaa headphones zake. Almaz ndiye aliyeshika mashine, alifundishwa na marehemu. Krar ikapita, marimba ikapita, zikafika dakika zangu.

Hazikuwa tupu. Chini kabisa kulikuwa na kitu kinanguruma, kipana, hakina mwanzo. Nilikijua kabla sijasoma jina la faili kwenye skrini: "Buibui wa Mzee."

Ni ile kelele aliyoitoa siku ya kwanza. Alinirudishia kweli, lakini na yeye alibaki na nakala ya mlio peke yake, akauvuta, akaulaza chini ya wimbo mzima. Almaz na Don Chepe walikuwa wanapiga juu yangu muda wote, na mimi nimenuna Adelphi.

Nikapiga. Nikajisikia mwenyewe: airport. Nikasimama, nikasema, "Tena."

Mara ya pili nilipiga kama ninavyoshuka kufua nguo. Kama mtu anayejua basi lake linakuja saa ngapi. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Almaz alivua miwani akaifuta.

Juu, Mwende alikuwa amepakua muthokoi. Nilikula sahani mbili.

Akaniuliza kama nitasindikiza mwili, kisha nipitilize hadi Dodoma. Miaka yote hii ningejibu "mwakani".

Mutiso mwanangu, nilichelewa miezi saba na nafasi yangu niliikuta. Nisamehe zile simu. Jumatano watakusikia, na kelele yetu yote haijaguswa.

Shifti imekwisha, lala. Wewe Alhamisi unarudi nyumbani. Mimi sirudi.