Fundi Aliyekataa Kusema Kesho

Jumapili asubuhi, kengele za misa ya kwanza zikiwa bado zinalia, simu yangu iliita. Alikuwa binti wa kaka yake fundi wangu wa nguo, yule mama mwenye cherehani barazani karibu na soko la Gisenyi, ambaye baadhi yenu mlimjua kwa sura. "Muzee, Shangazi ametuacha," aliniambia. "Ni presha. Tumemukuta asubui hii hapumui tena." Nikampa pole, nikauliza yale yanayoulizwa. Kisha akaongeza, kama mtu anayetafuta mahali pa kuegemea: "Na jana alikuwa ananiangalia tu, ananiangalia. Nikamuuliza, Shangazi, iko nini? Akasema, hakuna kitu, tutaongea kesho." Hapo nilikaa chini. Si kwa habari ya kifo peke yake. Kwa miaka yote niliyomfahamu, mama yule alikuwa hatamki neno kesho. Nilijua kwa nini halitamki, na nilijua pia ni jambo gani alilokuwa ameshindwa kulisema.

Mafundi wa nguo wa mji huu nawapenda, lakini tusidanganyane. Kesho ndiyo kazi yao ya kwanza. Kushona ni ya pili. Unapeleka kitambaa, unaambiwa kuya kesho. Kesho yake unakuta kitambaa kimelala palepale ulipokiacha, na fundi anakuapia kwa jina la Mungu kwamba vimebaki vifungo tu. Huyu wetu alikuwa wa namna nyingine. Mara ya kwanza nilimpelekea koti la kuvaa kwenye harusi ya mwanangu, nikamwuliza kama litakuwa tayari kesho. Akatikisa kichwa. "Hapana. Utakuya siku ya ine." Sasa mimi, kama wengi tuliorudi nyumbani tukiwa watu wazima, nimekulia Tanzania. Ukiniambia siku ya nne, masikio yangu yanasikia Jumanne. Jumanne nikafika, nikakuta koti bado ni vipande vinne na mkono mmoja. Nikawaka. Nilisema maneno ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuyasema mbele ya wateja wengine, kwamba mafundi wote baba yao mmoja.

Nilitegemea naye awake, maana ulimi anao. Badala yake aliusimamisha mguu kwenye cherehani, na mikono yake ikaanza kutetemeka. "Siku ya ine njo jeudi, muzee," alisema. "Huku tunaanza kuhesabu na lundi, Jumatatu yenu. We ulihesabu ya kwenu." Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Harusi imeshapita? Kuna mutu amepata shida juu yangu?" Nikamwambia harusi ni Jumamosi, hakuna aliyepata shida, ni mimi mjinga wa lugha. Akajifuta uso kwa kipande cha bitana ya koti langu. Tangu siku hiyo, kila aliponipangia siku aliitaja mara tatu: siku ya ine, jeudi, Alhamisi yenu. Nikambandika jina la utani, Mama Kalenda, na nilicheka nalo miaka mingi bila kujiuliza ni mtu gani anayetetemeka kwa ajili ya koti.

Mwezi uliopita, presha ilipokuwa imeshamshika vibaya, aliniita eti nikapimwe suruali. Nilipofika hakuchukua hata tepu. Alinieleza kwamba alizaliwa ng'ambo ya mpaka, kwenye mji mdogo wa milimani wenye ng'ombe wengi. Alipokuwa binti wa miaka kama kumi na mitano, watu wenye bunduki waliotoka kwingine waliuteka mji ule wakakaa. Walikuwa nani, sitasema. Kila upande wa mpaka huu una jibu lake, nami sitaki ugomvi na upande wowote. Waligeuza shule kuwa kambi, wakala mbuzi wa watu, wakachukua wanaume kuwabebesha mizigo, na waliobebeshwa hawakuwa wakirudi. Vijana wa pale wakaanza kupambana nao kwa njia walizoziweza: kuficha chakula, kuwapotosha njia porini walipolazimishwa kuwaongoza, na zaidi ya yote kupashana habari ili wanaume wawahi kujificha. Kaka yake alikuwa mmoja wao. Naye ndiye aliyemwingiza dada yake, kwa sababu kila asubuhi binti yule alilazimishwa kupeleka maziwa kambini.

Jikoni pale kambini alikuwako mama mmoja, naye amelazimishwa kuwapikia. Wakati wa kumimina maziwa, mama yule alimnong'oneza binti alichokisikia, na binti akakipeleka kwa kaka yake. Hakuna karatasi, karatasi ingewaua. "Nilijisikia mukubwa, muzee," aliniambia, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Nilikuwa napita ku bariyeri na kopo yangu, ile basoda, askari wao, bananiita mutoto muzuri, na mi niko na mambo yao yote ku kichwa." Watu waliponea kwa midomo ya wale wawili, mpishi na mtoto wa maziwa. Mara ngapi, hakujua.

Asubuhi moja askari alikuwa amesimama karibu mno na jiko. Mpishi akamimina maziwa na kusema maneno machache tu, kwa Kinyarwanda: "Ejo mu gitondo, ku isoko." Msomaji usiyeijua lugha hiyo nielewe vizuri, maana kila kitu kiko hapa. Mu gitondo ni asubuhi, ku isoko ni sokoni. Ejo ni jana. Na ejo ni kesho. Neno ni moja, na kitenzi ndicho kinachokuonyesha kama unarudi nyuma au unaenda mbele. Mpishi hakuwa na nafasi ya kitenzi. Jana yake asubuhi wale wenye bunduki walikuwa wamepita sokoni kweli, wakachukua mbuzi. Binti akasikia jana. Kaka yake alipomwuliza mpishi kasema nini, akajibu, "Anasema jana asubui balikuwa ku soko." Kaka akacheka: "Ile tunayua." Asubuhi iliyofuata alikwenda sokoni mwenyewe na gunia la maharage begani. Soko likazungukwa. Wanaume waliochukuliwa siku ile hawakuonekana tena, na kaka yake alikuwa miongoni mwao, amemwacha mkewe na binti mchanga wa mgongoni, huyohuyo aliyenipigia simu Jumapili.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningemwambia mama yule asiwe na hatia, na ningekuwa sahihi. Mtoto alisikia vibaya neno ambalo hata wazee hulisikia vibaya. Lakini haikuishia hapo. Watu walianza kuuliza kwa nini safari hii hawakupashwa habari. Mpishi akaapa kwamba alimwambia mtoto wa maziwa. Wakamgeukia binti, mama yake mzazi akiwa pale amejitupa chini analia. "Alikuambia kitu?" wakamwuliza. Akasema hapana, hakuniambia kitu. "Mi nilisema ile, muzee. Na mudomo yangu hii." Mpishi akaitwa mwuzaji wa watu. Alipigwa, akatemewa mate, akavuka mpaka na nguo alizovaa, akaja kupanga chumba huku Rugerero. Vita vilivyofuata vikamvusha binti naye, pamoja na yule mtoto wa kaka aliyekuwa sasa yatima wa pande zote. Akajifunza cherehani, akamlea mtoto kama wake. Na mtoto akakua akijua jambo moja kuhusu baba yake, kwamba mpishi aliyemwuza anaishi Rugerero na huja sokoni Gisenyi.

Nimekaa na jambo hili usiku na mchana. Tunapozungumzia vita, tunawasifu waliobeba bunduki na tunawalilia waliokufa, na hivyo ndivyo inavyostahili. Lakini vita huwatwisha watoto kazi za watu wazima, kisha vikiisha tunawarudisha shuleni, tunawashonea sare, tunadhani yameisha. Hakuna aliyekwenda kumkalisha yule binti na kumwambia, sema tu, hatutakupiga. Alikua na ule uongo kama mtu anavyokua na jino bovu, anatafunia upande mwingine. Uamuzi wake wa kutotamka kesho, wa kutaja siku mara tatu kwa mteja mkorofi kama mimi, ulikuwa toba ya pembeni. Alirekebisha neno. Uongo hakuugusa.

Aliniomba niandike gazetini kwamba mpishi hana kosa. Nikamkumbusha kuwa safu hii haitaji majina. "Bon," akasema, "basi haina faida. Unipeleke Rugerero. Siku ya tano, vendredi, Ijumaa yenu." Lakini Ijumaa ya kwanza presha ilipanda, ya pili nilisafiri mimi, na wiki zikapita huku nami nikiwa najua mtu asiye na hatia anatemewa mate. Ijumaa iliyopita ndiyo tulifika. Tulimkuta bibi yule mlangoni anachambua maharage. Fundi wangu hakukubali kiti. Alipiga magoti akasema yote, kuanzia kopo la maziwa hadi ile hapana yake.

Bibi aliendelea kuchambua kwa muda, kisha mkono ukasimama. "Donc, basi, nilisema," alisema. "Ulisema, mama." "Nilisema." Alilirudia lile neno kama anayelionja. "Mana we! Banaita mi mubongo, mutu wa uongo, miaka yote hii, nikafika mahali sikuyua tena kama nilisema na mudomo ao niliwaza tu ndani ya moyo." Akalia kidogo, bila kelele. Halafu akasema lile ambalo fundi wangu alikuwa analiogopa tangu awali. "Pardon yako minapokea. Lakini ule mutoto wa kaka yako akiniona ku soko anatema mate chini. Kwenda umuambie."

Tukarudi. Tulikaribia mjini. Ndipo aliponiambia kwamba yule binti wa kaka yake ndiye mtu pekee aliyebaki naye duniani, na kwamba akimwambia, atampoteza. Nikamwambia lazima amwambie. "Najua," akajibu. "Nitamuambia kesho." Nililisikia lile neno. Nililisikia vizuri kabisa, nikawasha taa ya kukata kona nikaendelea na safari, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilidhani amevuka mlima mkubwa tayari. Mtu aliyemjua kama nilivyomjua mimi angegeuza gari papo hapo hadi barazani kwake. Jumamosi ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, binti akatoka na jembe asubuhi, mchana shangazi akawa na wateja. Jioni shangazi yake akamwangalia, akamwangalia, akasema kesho kwa mara ya pili.

Msibani Jumatatu nilimwona bibi wa Rugerero akishuka kwenye pikipiki, amejifunga kitenge kipya, fimbo mkononi. Binti naye alimwona. Alisimama mlangoni akatanua mikono. "Huyu hapana! Huyu njo aliuza papa yangu!" Nami niliyekuwa na dawa mdomoni, mnajua nililotaka kusema? Nilitaka kumshika mkono binti na kumwambia tulia mwanangu, siku ya maiti si siku ya maneno, tutaongea kesho. Neno lilishafika kwenye ulimi. Nikalimeza, nikasimama, nikasema mbele ya wote alichoniambia shangazi yake, na kile nilichokishuhudia Ijumaa.

Binti alinisikiliza hadi mwisho. "Na we ulikuwa unajua?" "Tangu mwezi uliopita." "Ukanyamaza." "Nikanyamaza." Akamgeukia bibi, lakini bibi ndiye aliyetangulia kusema. "Mi sikukuya juu ya jina yangu leo, mwanangu. Nimekuya kuzika mutoto aliyekuwaka ananiletea maziwa." Binti hakumkumbatia, haya si mambo ya kukumbatiana kwa haraka. Aliingia ndani, akatoka na kile kiti cha cherehani kilichopauka kwa kukaliwa na shangazi yake, akakiweka karibu na jeneza, akampisha bibi akae. Yeye akakaa chini kwenye mkeka, kando ya miguu yake.

Shuleni kule Tanzania tuliimbishwa kwamba linalowezekana leo lisingoje kesho, nasi tukadhani ni methali ya kufagia darasa na kumaliza hesabu. Nimeielewa uzeeni, msibani. Kukosea neno si dhambi. Lugha zetu za mpakani zimejaa mitego, na kila mmoja wetu ameshaanguka humo. Dhambi ni kumwachia mwingine mzigo wa kosa lako, ukamsalimia sokoni kana kwamba hubebwi naye. Kama kuna mtu anayetembea na lawama yako, nenda. Na kama huwezi kwenda sasa hivi, angalau itaje siku kwa jina lake, uitaje mbele ya mtu atakayekudai, kisha omba Mungu uifikie. Mimi nilipaswa kuyasema haya mwezi mzima uliopita. Nimeyaandika leo, siku ya tano, vendredi, Ijumaa yetu.