Nilifufua mashua ya alumini iliyokuwa pipa la dawa ya kahawa, kaka yangu akataka iyeyushwe

Wakuu, habari za humu ndani. Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, huku Gakindu, Mukurweini. Siongezi chumvi. Anayetaka kubisha aje aone mashua yenyewe.

Baba yetu alipofariki, mali iligawanywa kama kawaida ya kwetu. Kaka yangu mkubwa, Wachira, akapata shamba la kahawa na ng'ombe. Mimi binti, niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, nikaambiwa na Mama nichague kitu kimoja cha kumkumbuka Baba.

Nikachagua mashua.

Najua mnajiuliza mashua inatafuta nini mlimani. Baba alipokuwa kijana alifanya kazi kwa mzungu mmoja mpenda kuvua. Mzungu alipohama akamwachia mashua ndogo ya alumini, ya kupiga makasia. Baba hakuwahi kuvua hata samaki mmoja. Aliileta nyumbani, akawa anachanganyia humo dawa ya kahawa, ile ya kopa, yaani shaba, yenye rangi ya bluu. Miaka nenda miaka rudi.

Shida ni kwamba Wachira alikuwa ameshaongea na mtu wa scrap, mnunuzi wa vyuma chakavu. Huku kwetu alumini kuukuu huyeyushwa ikawa sufuria.

"Wangui, wacha ujinga," akaniambia mbele ya Mama. "Hii kitu iwe sufuria, angalau watu wapikie. Kwani wewe uko na bahari hapa?"

"Niko na bwawa," nikamjibu.

Bwawa lipo, chini ya mteremko. Tilapia wamejaa na hakuna anayewagusa. Kwa wasiojua, wazee wetu hawakula samaki kabisa, na wengine mpaka leo wanamweka fungu moja na nyoka. Mama ni mmoja wao. Alinitazama akasema, "Ukishika hiyo nyoka ya maji, usiguse mwiko yangu."

Tukakubaliana hivi: mvua ndefu zikianza na mashua haielei, mtu wa scrap aibebe. Ikielea, ni yangu.

Wakuu, niliumia roho. Shamba sikupewa, ng'ombe sikupewa, na hata hilo bati lenye matundu nilitakiwa nilipiganie! Nikasema basi, tutapigana.

Niliiinua juu ya mawe, nikaijaza maji, nikalala chini yake na chaki. Kila palipodondosha tone nikachora duara. Ilibaki imejaa maduara kama mtu mwenye tetekuwanga. Nikamwita fundi wa sufuria pale sokoni, tukaweka viraka vya alumini na ribiti, tukapaka silikoni. Tulipoijaza maji tena, haikutoka hata tone. Nilicheza pale uani peke yangu, majirani wakichungulia juu ya ua.

Furaha haikudumu. Baada ya wiki chache nikajaribu tena na kukuta matundu mapya kando ya viraka vyangu.

Wachira alicheka mpaka akakaa chini. Nikaingia ndani nikalia, na sioni aibu kusema. Zilikuwa hasira tupu.

Kesho yake nikaichunguza vizuri. Kila tundu jipya lilikuwa na unga wa bluu pembeni. Chini ya zile mbavu za mashua unga ulikuwa umeganda kabisa. Ni ile dawa ya kahawa! Kopa na alumini vikikutana na unyevu, alumini huliwa polepole. Sisi watu wa kahawa tunaiamini ile dawa kwa kila kitu, hakuna aliyewahi kufikiria kwamba ndiyo iliyokuwa inakula chombo. Na mimi nilikuwa nimeifungia ndani kwa viraka, nikaiachia karamu.

Nikang'oa kila kitu, kazi yote ya mwanzo. Nikasugua kwa brashi na vinegar, yaani siki, nikasuuza, nikasugua tena mpaka vidole vikachubuka. Nilipoona alumini safi kila kona, nikaianika kwenye jua kali, nikapaka primer, ile rangi ya kwanza ya kinga, ndipo tukarudisha viraka.

Siku ya kuishusha bwawani mawingu yalikuwa yameshakusanyika upande wa mlima. Wachira alikuja na mtu wa scrap, mkokoteni tayari. Mama naye akashuka, akasimama mbali na maji.

Nikavaa life jacket, nikapanda, nikasukuma.

Ikaelea. Nikashika makasia, mwanzo nikiyumba kisha nikazoea, nikazunguka bwawa lote, sakafu ikabaki kavu. Mtu wa scrap akageuza mkokoteni wake akaenda zake.

Hapo ndipo kaka yangu akaanza kutabasamu. Ati nimpeleke yeye pia. Nikamvika life jacket nyingine, tukaingia. Tulipofika katikati akakohoa kidogo.

"Unajua, Wangui, hii ilikuwa ya Baba. Hatuwezi sema ni ya mtu moja. Ni ya family. Mimi nitakuwa natafuta wageni, watu wa picnic. Wewe utakuwa unapiga hizo vijiko."

Wakuu, damu ilinichemka! Ilipokuwa takataka ilikuwa ya Wangui. Imeelea, imekuwa ya family.

Nikampa makasia yote mawili.

"Sawa. Kama ni yako pia, turudishe."

Alipiga kushoto, tukazunguka. Akapiga kulia, tukazunguka upande mwingine. Watu waliokuja kuchota maji wakaanza kushangilia. Jasho likamtoka, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kutupiga. Mimi nimekunja mikono tu.

Mwisho akanisukumia makasia. "Chukua. Ni yako."

"Sema kwa nguvu. Mama asikie."

Akageukia ukingoni, akapaza sauti: "Mami! Mashua ni ya Wangui!"

Ndipo nikapiga makasia, tukarudi.

Nilichojifunza: kabla ya kuziba tundu, tafuta kinacholitoboa. Usipokiondoa, utaziba mpaka uzeeke. Nasema hivyo kwa alumini na kwa familia pia.

Sasa leteni maoni, hata ya wale wa "mwanamke na mashua wapi na wapi". Nitawajibu mmoja mmoja nikitoka bwawani.