Bosi Karudi na Magongo, Theluji Hakuiona

Jamani, leo nusura nifutwe kazi kwa sababu ya kicheko!

Asubuhi nimempokea bosi uwanja wa ndege hapa Riyadh. Alikuwa ameenda Ulaya kuteleza kwenye theluji milimani. Karudi na mguu kwenye plasta na magongo mawili.

"Pole, baba," nikamwambia.

Akanikabidhi begi, akaingia garini.

Jioni wageni wakajaa sebuleni. Nikaitwa nigawe kahawa, maana dereva huku ni kila kitu.

Bosi akaanza kuwahadithia. Theluji ilikuwa hadi kiunoni! Yeye anashuka mlima kama mshale, mara jabali hilo mbele yake!

Wageni, "Mashallah! Mashallah!"

Mama yake mzazi akaweka kikombe chini.

"Theluji ipi, mwanangu? Si ulinipigia simu ukilalamika kwamba mwaka huu haijaanguka, mlima mzima ni mawe na nyasi kavu? Si uliteleza kwa sabuni bafuni hotelini?"

Wageni wote wakaangalia zulia.

Mimi nikauma midomo, lakini kicheko kikatokea puani. Wakenya wenzangu, mnanijua.

Bosi akanifokea, "Yalla, toka! Kanisubiri garini!"

Nikajua halas, yamekwisha, narudishwa Nairobi.

Baadaye akaja akichechemea, akaketi kando yangu, akafunga mlango. Akanitazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Tukacheka wote wawili hadi machozi.

Akajifuta uso, akasema, "Wallahi, usimwambie mtu."

Nikaapa.

Kwa hiyo na nyinyi, tafadhali, msimwambie mtu.