Mti wa Krismasi Unaochemka

Mimi ni mtu wa ndani. Wifi yangu husema nikitoka uani kuku wanashtuka, wanadhani amekuja mgeni. Kwa hiyo Desemba ile alipopita kwetu Lundo, akitokea kwake Mbinga mjini, akaniuliza kama mwaka huu nyumba yangu itapambwa au Krismasi itapita tena kama Jumanne, niliumia.

"Itapambwa," nikamjibu. "Na sinunui kitu. Vyote vitatoka humu humu ndani."

"Haya, wifi. Jumuiya ikija kusali kwako jioni ya kuamkia sikukuu, nakuja na mti wangu wa plastiki. Nikikuta wako haupo, unasimama wangu, na wewe utauimbia."

Kwetu Mpepai nilikozaliwa ningekwenda kwenye misindano, nikate tawi, basi. Huku ziwani nilikoolewa msindano uutoe wapi? Nikazunguka uani. Ukutani palikuwa na miti ya mihogo iliyobaki baada ya kupanda, imeegemezwa tu, na kwa mvua zile ilikuwa imeanza kuchipua yenyewe. Biolojia ya kidato cha nne, niliyoipata kwa kukwaruza, ikaniambia mti ndio huo. Nikajaza udongo kwenye ndoo kuukuu ya rangi, nikachomeka vijiti vitatu virefu, nikaiweka barazani.

Mapambo sasa. Ndala zilizokatika, ambazo mume wangu hukatakata kuwa maboya ya nyavu, nikazichonga nyota. Vizibo vya soda nikavigonga hadi vikawa bapa, nikavitoboa kwa msumari, nikavitunga kwenye nyuzi za wavu mbovu. Nilijikata kidole kimoja, nikajigonga kingine. Mume wangu naye alikuwa akiulizia ndala yake ya kushoto kila asubuhi. Ilikuwa nyota ya juu kabisa, ile kubwa.

Majani yakatoka, laini, yanapendeza. Kisha asubuhi moja nikakuta ncha zote hazipo. Nikamtukana mbuzi wa jirani, nikapandisha ndoo juu ya stuli. Kesho yake zimepungua zaidi. Mbuzi gani huyo anayechuma bila kuangusha hata kizibo?

Siku yenyewe ya jumuiya, mchana, narudi kuteka maji, namkuta mama mkwe barazani. Ungo mkononi, anachuma jani la mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimekusifu kwa majirani. Miaka yote umekaa ndani tu kama mtungi, kumbe umejua kupanda mboga karibu na jiko. Na tope lile la shambani, mimi nachuma hapa hapa."

Nikautazama mti wangu. Vijiti vitatu vyenye vipara, na vizibo vinalia kwa upepo.

"Na hizi nyota, mama?" nikauliza, nikiwa bado na tumaini.

"Hizo sijazigusa. Si za kufukuzia kuku? Umefanya la maana, hawasogei kabisa."

Tangu niolewe, mama mkwe hakuwahi kunisifu. Sasa siku anaponisifu, nimwambieje kwamba amekula Krismasi yangu? Nikachukua mchi, nikautwanga mti wangu mwenyewe.

Jioni wifi akafika na kiroba begani.

"Wifi, mti wako uko wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni unafanya nini?"

"Unachemka."

Alicheka mpaka akakalia kiroba chake. Basi mti wa plastiki ukasimama sebuleni, na taa zake za kukonyeza, na mimi nikauimbia kama tulivyoahidiana, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza. Baada ya sala watu wakala kisamvu, kijiko kijiko, kwa usipa, dagaa wetu wa ziwani, wakasema hawajala kisamvu laini kama kile. Wifi akaomba nyongeza.

"Mti mtamu huu, wifi," akaninong'oneza. "Mwakani panda msitu."

Sikukuu ilipopita, mama mkwe akaniita kwake. Kuku walikuwa wanamharibia bustani. Akanikabidhi ndala zake zilizokatika, nimchongee nyota kama zangu.

"Na ile ya juu iwe kubwa," akasema, "kama ile uliyoichonga kwenye ndala ya mwanangu."