Ng'ombe wa Mama na Ubao wa Wakuu

Ubao wenyewe uko ukutani, mkono wa kulia ukiingia kaunta. Una majina ya wakuu wote wa kituo kile cha polisi tangu enzi za mkoloni: Mzungu, Mzungu mwingine, kisha wetu. Kila jina lina mwaka wa kuingia na wa kutoka. Mimi ni fundi wa kuandika mabango, kibanda changu kiko Levolosi, na majina ya karibuni yote ni mkono wangu. Mkuu mpya akija namwandika, akihamishwa naitwa kumfungia mwaka. Basi nikajiona najulikana pale. Ujinga mtupu.

Siku mama anaolewa alisimama mlangoni pa boma letu, juu ya Ngaramtoni, akagoma kuingia mpaka baba amtajie mtamba atakayempa, kama ilivyo desturi kwetu. Ng'ombe wa mama aliyekuja kuibiwa alitoka kwenye uzao wa mtamba yule, na ndiye pekee aliyebaki wa mama mwenyewe. Vijana wa ukoo walimkamata mwizi siku ya tatu, ng'ombe akiwa mzima. Wazee wakasema mwizi atoe faini ya mitamba, yaishe nyumbani. Mimi sasa, msomi wa darasa la saba, nikasimama: "Hapana! Twende kituoni, mkuu ananijua."

Alinijua kweli. Aliniagizia chai, jalada likafunguliwa, mama akaonyesha alama ya ukoo kwenye masikio ya ng'ombe na kuweka dole gumba. Kisha ng'ombe akafungwa kwenye mti nyuma ya kituo, eti sasa ni kidhibiti, yaani ushahidi, hatoki mpaka kesi iishe. Mwizi akapata dhamana, akatoweka. Kesi itaishaje bila mwizi?

Kila asubuhi mama alishuka na mzigo wa majani mgongoni, akamlisha ng'ombe wake, akarudi. Wake wa askari ndio waliomkamua. Nilipofoka, mama akasema, "Wacha wanywe, nao wana watoto." Jamani, mama yangu!

Mkuu wa kwanza, yule wa chai, akahamishwa. Wa pili akaniambia, "Fundi, nimeingia juzi tu, acha nisome jalada." Akahamishwa kabla hajalisoma. Wa tatu alikuwa mwanamke, wa kwanza kwenye ubao ule, na alikuwa mtu kwelikweli. Alimwamkia mama shikamoo, akaenda mwenyewe hadi kwenye mti. "Kwa nini huyu hajapigwa picha akarudishwa kwao? Njooni Jumatatu, nitasaini." Jumapili mama alitoka kanisani akafagia zizi, akanunua na kamba mpya.

Jumatatu tukiwa njiani simu yangu ikaita, ni kituoni. "Fundi, njoo na rangi."

Alikuwa amehamishwa. Nilipanda kwenye kiti nikamfungia mwaka yule mama wa watu, mwaka uleule alioingia, huku mama yangu amekaa kwenye benchi chini yangu na kamba mapajani. Nilitamani kuubamiza mkebe wa rangi ukutani. Sikuubamiza. Niliogopa, nasema ukweli.

Wakati wa mkuu wa nne, mvua za masika zikipiga, ng'ombe akafa palepale mtini. Askari walitupa pole nyingi. Kisha wakakata masikio, maana alama ya ukoo ndiyo ushahidi, wakayatia chumvi na kuyafunga kwenye bahasha yenye namba ya jalada. Mama akaomba apewe hata sikio moja akalizike kwenye zizi.

"Mama, hiki ni kidhibiti," akajibiwa. "Mpaka kesi iishe."

Niliwaza basi, imekwisha, atakaa nyumbani. Wapi! Anashuka kila asubuhi vilevile, ila sasa bila majani, anaketi kwenye benchi lile mpaka mchana. Nimemsihi, nimemgombeza, hasikii.

Mwezi uliopita niliitwa tena. Nikiwa juu ya kiti, mkuu wa tano akatoka ofisini kutazama jina lake linavyopendeza.

"Fundi, huyu bibi ana shida gani?"

"Ni mama yangu, mkuu," nikasema, nikageuka na brashi mkononi. "Aliibiwa ng'ombe, sasa mimi ndiye niliyesema..."

"Ngoja kwanza," akanikata, kwa upole tu. "Nimeingia juzi. Malizia jina."

Nikamalizia.