Mkalimani Alisema Nimesamehe

Watu wa kanisani wananiambia nisiwaseme watu. Majina sitaji, lakini wenyewe watajijua: mume wangu, dada yake, mkalimani wa mahakama, na hakimu.

Nilikuwa nasuka nywele Yeoville, hapa Joburg. Msusi yeyote anajua, ukimaliza rasta unachovya ncha zake kwenye maji ya moto ili zisifumuke. Siku hiyo mume wangu alikuja saluni na dada yake. Alitaka niwapigie kaka zangu kule kwetu Uvira warudishe mahari. Nilimwambia kaka zangu hata mbuzi wa Krismasi hawana.

Wifi alikuwa amekaa anakula karanga. "Mahari yote ile," akasema, "na tumepata kasichana kamoja kanakoongea Kizulu."

Mume wangu akachukua yale maji akanimwagia, begani mpaka vidoleni, mbele ya mteja aliyesukwa nusu kichwa. Nilipokuwa chini, wifi bado anatafuna.

Mahakamani mume wangu hakubisha, kosa alilikubali. Ilibaki adhabu. Mwanamke wa serikali aliyemshtaki alinieleza kwamba hapo hakimu ana uhuru wake: anaweza kumfunga, anaweza kumrudisha nyumbani. Na nyumbani kwake ni mtaani kwangu. Mimi nilitaka afungwe, basi, nami nilale.

Hakimu akaniuliza nina neno gani kabla hajaamua. Shule niliachia darasa la nne, hotuba sina. Nilimtazama mume wangu nikasema, "Huyu nimemwachia Mungu."

Kwetu ukiambiwa hivyo unakosa usingizi. Ni kushtakiwa juu, ambako hakuna wakili. Lakini mkalimani alikulia hapa hapa Joburg, Kiswahili chake cha kuokota kwa mama yake. Nikasikia anasema kwa Kiingereza kwamba nimesamehe. Kiingereza changu ni cha sokoni, ila neno hilo nalijua, tunaliimba kila Jumapili.

Nikainua mkono, ule mzima. "Hapana, sikusema hivyo."

"Mama, tulia," mkalimani akaninong'oneza. "Umeongea vizuri, hakimu amependa."

Hakimu akataja sababu zake: kosa la kwanza, mtu ana kazi ya ulinzi, alioa kwa heshima na mahari akatoa, na mke mwenyewe amesamehe. Kifungo cha nje. Ataingia jela akirudia tu. Yaani mahari ile ile aliyoniunguzia ndiyo iliyomtetea. Wifi alipiga vigelegele mpaka kwenye ngazi.

"Eish, mama, nilidhani mmepatana," mwanamke wa serikali akaniambia, huku anakusanya mafaili yake.

Nilihamia mtaa mwingine, Hillbrow. Vidole havikunji tena, kwa hiyo siku hizi naosha vichwa tu, wengine wanasuka. Mume wangu kanisani anakaa mbele. Akiniona anacheka: "Mama mtoto, si ulinisamehe mbele ya serikali?"

Juzi binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia kwa mbali tu na hakiongei, aliniuliza kwa nini nilimsamehe baba. Kumbe baba alimsubiri nje ya shule akamwambia.

Nikamjibu kwa Kiingereza changu kibovu, asiwepo mtu wa katikati, kwamba sikusamehe.

"Sasa ulisema nini?"

Nikatafuta Kiingereza cha neno lile, sikukipata. Tangu hapo nafunga kazi mapema na kusimama kwenye geti la shule yake kabla kengele haijalia.